"Dhahabu yangu inauzika, gari ya baba yako haiuziki?"

Assalamu alaykum Bibi,

Mimi ni mwanamme wa miaka 42, nakaa Pemba upande wa Wete, nina mke na watoto wanne. Kazi yangu ni kununua mazao mashamba: ndizi, majimbi, muhogo, na machungwa yakiwa msimu wake. Mengine nauza Chake, mengine nashusha bandarini Mkoani yavuke kwenda Unguja. Karafuu zikiingia naacha vyote hivyo. Nakodi mikarafuu ya watu, natia wachumaji, naanika, napeleka kituo cha kununulia karafuu.

Kazi hii haifanyiki bila gari, na gari ninayo. Taabu ni gari yenyewe.

Ni Morris Minor ya 1966, rangi ya maziwa, milango miwili. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa skuli, aliinunua mkononi mwa mtu Unguja mwaka 1975 akaivusha kwa meli. Mimi nilipozaliwa nilitolewa hospitali nikarejeshwa nyumbani ndani yake. Dada yangu alipoolewa aliondoka nayo. Baba amefariki sasa miaka miwili. Wiki kama tatu kabla hajaondoka alinipa ufunguo, akanambia: "Ikae kwako, wewe ndiye unayejua kuipiga hendeli." Basi imekaa kwangu.

Kutembea inatembea, siku ikitaka. Msimu uliopita nilitia viroba vya karafuu mbichi kiti cha nyuma, tukapanda mlima, injini ikachemka, nikashuka kungoja ipoe. Nilipoanza kuteremka ndipo nikasikia kitu kimekatika nyuma: spring'i. Tangu hapo mizigo yote napakia kwenye kirikuu cha kukodi. Mwaka jana nimelipa gari za watu milioni nne na laki sita. Nimeandika kwenye daftari.

Sasa kuna mtu Unguja anauza Toyota Hilux dabo kebini ya 2017, dizeli, milioni 62. Nilivuka kwenda kuiona, nikaiendesha mpaka Tunguu na kurudi. Bibi, nilihisi kama nimekaa ghorofani. Usukani unazungushwa kwa kidole, kiyoyozi kinapuliza, mashimo siyasikii. Niliipima kwa futi: urefu futi 17 na nusu. Banda alilojenga baba lina futi 14. Hata ikija italala mkia nje.

Hesabu yangu ni hii. Akiba ninayo milioni 24. Mke wangu amejitolea dhahabu yake, sonara ameitia milioni 11. Kuna mtu wa hoteli anaitaka Morris kwa milioni 9, achukulie maharusi na wageni wapige picha. Inabaki 18, ambayo kuna taasisi ipo tayari kunifanyia bila ya riba, kwa kuninunulia na kuniuzia, nirejeshe laki sita na arubaini kila mwezi kwa miezi 36.

Siku ile mke wangu aliifunga dhahabu kwenye leso akaniwekea juu ya kitanda bila kuombwa. Nikamshukuru. Tulipofika kwenye Morris nikamwambia hiyo siwezi, tutafute njia nyengine. Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. Akanambia: "Kwa hivyo dhahabu yangu inauzika, gari ya baba yako haiuziki?" Akaichukua leso yake akaondoka. Tangu hapo chakula naletewa, maneno sipewi.

Mdogo wangu yuko Muscat. Amenitumia sauti kwenye simu kwamba nikiuza gari ya baba nisimpigie tena. Huyo huyo nilimuomba mwaka mzima anisaidie tairi mbili, hakujibu. Dada yangu yuko Unguja, anasema uza tugawane yaishe. Na bi mkubwa, mama yetu, hasemi neno. Kila Ijumaa anaifuta vumbi kwa kanga kuukuu. Asubuhi nikifungua swichi na ile pampu ya petroli ikaanza kulia tiki-tiki-tiki, namsikia huko jikoni anasema "Nenda salama", vile vile alivyokuwa akimwambia baba.

Nambie Bibi: nichukue pikapu niiache Morris iende, au nikae na Morris niache pikapu?

Mwenye gari mbili rohoni, Pemba

*

Waalaykumu salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa magari, na meza yangu ya kulia imewahi kukaa kabureta mara nyingi kuliko birika. Kwa hivyo utanisamehe nikianza na vyuma kabla ya watu.

Umeniuliza ipi kati ya gari mbili. Lakini gari hizo hazishindani, mwanangu. Ngalawa na jahazi zote zinaelea, na hakuna anayeuliza ipi bora kabla ya kuambiwa safari ya wapi. Morris Minor ya mwaka huo ina injini ya sisi (cc) 1098, nguvu za farasi 48, na gari nzima haifiki kilo 800. Hilux ya siku hizi yenye injini ya dizeli ya lita 2.4 ina farasi 150, uzito wake unakaribia tani mbili, na inabeba mzigo wa kama tani moja. Maana yake, kwa uzito peke yake, hiyo pikapu ingeweza kuipakia gari ya baba yako mgongoni na bado ikapanda ule mlima uliokuchemshia injini. Gari ya mwalimu ilitengenezwa kubeba mwalimu, mkewe, watoto na kikapu cha sokoni. Kuitia viroba vya karafuu mbichi halafu kuilaumu kwa kukata spring'i, hapo umeionea.

Tena usidhani hizi ni za dunia mbili. Hilux ya kwanza ilitoka 1968, wakati Morris Minor bado zinatengenezwa; zilisita 1971. Na Morris Minor yenyewe ilikuwa na pikapu yake, tangu 1953. Mume wangu alikuwa akipenda kuwaonesha vijana ule mstari ulioinuka katikati ya boneti, unaoshuka mpaka mbele. Aliyeisanifu gari hiyo, Alec Issigonis, aliiona ya majaribio ni nyembamba mno, akaikata katikati kwa urefu, akazitenganisha nusu mbili kwa inchi nne. Mstari ule ndiyo nafasi iliyoongezwa. Kesho asubuhi kautazame, upo.

Basi. Nikiyakusanya uliyoniandikia, naona umenifungia mambo matatu katika leso moja: kazi inayotaka chombo cha mizigo, mali ya marehemu ambayo haijakaa sawa, na mke aliyenyamaza. Umeyapa yote jina la Morris. Mimi naona tuyafungue.

Nianze na la mirathi, kwa sababu hesabu yako yote imesimama juu yake. Umeandika milioni 9 ya Morris kama kwamba itaingia mfukoni mwako. Una yakini? Baba alikwambia "ikae kwako". Alikupa, au alikuwekea? Hiba, yaani mtu kutoa mali yake akiwa hai, ina masharti yake: atamke anayetoa, akubali anayepewa, na kitu kikabidhiwe. Tena ukumbuke ilikuwa wiki tatu kabla ya kufariki. Kama alikuwa katika maradhi ya mwisho, hapo pana maneno yake. Ufunguo ulikabidhiwa, sawa, lakini neno lenyewe linaelemea huku na huku, na hilo mimi si mtu wa kulihukumu. Lipeleke kwa Kadhi, au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambao mirathi ndiyo kazi yao.

Tuchukulie wakikwambia ni mali ya urithi. Ikiwa warithi ni bi mkubwa, nyinyi wanaume wawili na dada yenu tu, na hakuna deni wala wasia, mama ana thumni yake, yaani moja ya nane: 1,125,000. Inayobaki, 7,875,000, inakuwa mafungu matano; wewe mawili, mdogo wako mawili, dada moja. Fungu lako wewe linatoka 3,150,000. Milioni tatu na kidogo, mwanangu, kwenye pikapu ya 62. Gari ya baba yako hainunui pikapu. Hata ikiuzwa, pengo lako si 18 tena, linakaribia 24, na hayo marejesho uliyotajiwa yatapanda. Je, huo ugomvi wote ulikuwa juu ya hii milioni tatu?

Hapo na mdogo wako wa Muscat anapata jibu, bila ya kupigiana kelele. Anayetaka gari isiuzwe ana njia: anunue mafungu ya wenzake. Mwambie kwa upole, umtajie na idadi. Pengine atatoa, pengine atanyamaza kama alivyonyamaza kwenye tairi. Lakini usimuone mbaya mapema. Mtu aliye mbali na kaburi la baba yake hushika chochote kinachomkumbusha, na wewe mwenzake unaishika gari hiyo kila siku kwa mkono.

Sasa pikapu. Sikukatazi hata kidogo. Mtu anayelipa gari za watu milioni nne na laki sita kwa mwaka ana haki ya kutafuta chake. Ila hiyo laki sita na arubaini kwa mwezi, ukiizidisha kwa 12, ni 7,680,000. Ni zaidi ya unachokilipa sasa, na hatujatia dizeli, bima wala tairi, ambazo za pikapu hazilingani bei na za Morris. Bila shaka itakuingizia pia. Utabeba na mizigo ya wenzio. Lakini marejesho yanakuja kila mwezi na karafuu haziji kila mwezi. Wewe ni Mpemba, hunihitaji mimi kukwambia kwamba mkarafuu ukizaa sana mwaka huu unaweza kukunyima mwakani. Katika hiyo miezi 36, mingapi ni ya neema? Chukua lile daftari lako, sifurahii kitu katika barua hii kama kujua kwamba unaandika, na utafute mwezi wako mbaya kuliko yote. Mwezi ule ungelipa?

Halafu nina suali la uchokozi. Kwa nini dabo kebini? Sanduku la nyuma la dabo kebini lina mita moja na nusu hivi. La kebini moja linapita mita mbili. Mikungu ya ndizi haikai kwenye kiti cha ngozi. Ikiwa unaitaka ili watoto wanne waingie na mama yao, hiyo ni sababu njema kabisa, iseme. Ikiwa ni kwa sababu ulihisi umekaa ghorofani, na hilo nalifahamu, hakuna mwanamme asiyependa kuonekana amepanda. Lakini ghorofa hiyo ina kodi.

Na kile kirikuu unachokikodi, umewahi kukitazama kama cha kununua? Hawa wadogo wa Kijapani wenye injini ya sisi 660 kwao wameandikiwa kilo 350 tu, ingawa sote tunajua wanavyopakiwa huku kwetu. Hakiendi na gunia zote kwa safari moja, kinakwenda mara tatu. Lakini kinaingia njia za mashamba, kinalala katika banda la baba bila ya mkia kutoka nje, na akiba yako uliyonayo huenda ikakitosha bila ya deni wala dhahabu ya mtu. Ubaya wake ni kwamba mlima na mzigo vitakichosha upesi, na mwisho wa msimu mkubwa utakuta unakodi tena.

Ukiendelea na Hilux, usiinunue kwa utamu wa safari ya Tunguu. Injini hizi za dizeli za sasa zinapuliza mafuta kwa presha kubwa sana, na maji au uchafu kwenye dizeli huua injekta zake, na injekta si kitu cha kugongagonga ukaendelea na safari. Morris ikizima, unafungua boneti, unasugua pointi kwa msasa, unaondoka. Hilux ikizima, anatakiwa fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta yake. Wewe uko Wete. Jua kabla ya kununua huyo fundi yuko wapi. Mpeleke akaisome kwanza, na alale chini atazame chasisi. Gari iliyokaa miaka pwani inaweza kung'ara juu na kuliwa na chumvi chini.

Morris nayo isikufanye ukalegea kwa mahaba. Haina mifuko ya hewa, breki zake ni za dramu, na kutu haionei huruma kumbukumbu. Sehemu zake nyingi bado zinatengenezwa Uingereza, wapenzi wake ni wengi huko, lakini mpaka zifike Pemba zinataka pesa na subira. Ukitaka kubaki nayo, sema inabaki kufanya nini. Safari za Ijumaa? Kubebea maharusi wa hapo hapo Pemba, ukiendesha mwenyewe, badala ya kumpa mtu wa hoteli apate pesa yeye? Hilo linaweza kuilipia tairi. Linaweza pia kuizimisha katikati ya msafara wa harusi ya watu, ukapata jina.

Nimelichelewesha la mke wako kwa sababu ndilo linalonishughulisha.

Umeandika neno lake kama tusi kwa baba yako. Mimi sikulisoma hivyo. Mwanamke aliyeitoa dhahabu yake bila kuombwa, akaifunga kwenye leso akaiweka kitandani, ameweka pale mahari yake, zawadi za mama yake, na akiba yake ya siku mbaya. Wewe ukasema "nashukuru". Ilipofika zamu ya kitu chako, ukasema "siwezi". Pengine hakutaka Morris iuzwe hata kidogo. Pengine alitaka uone kwamba na yeye ana kitu ambacho hakiuziki ovyo, ila kwa ajili yako angekiuza. Sijui kilichomo moyoni mwake. Wewe unalala naye chumba kimoja, muulize. Lakini usiende na daftari. Na usianze na gari.

Ukifika wakati wa kuzungumza pesa, lizungumzwe wazi: dhahabu hiyo ni yake peke yake. Je, ni zawadi, ni deni utakalomrejeshea, au ni fungu lake katika pikapu? Kila moja lina njia yake. Ikiwa ni fungu, biashara ina wenye nayo wawili, na siku utakayotaka kuiuza pikapu utakuwa na wa kumuuliza. Liandikeni. Nyumba nyingi nimeziona zikigombana si kwa pesa zilizotolewa, bali kwa jina zilizotolewa nalo. Na kama mtaamua dhahabu isiguswe kabisa, hesabu yako itapungua milioni 11, lakini huenda maneno yakarudi pamoja na chakula.

Unaona kwamba sijakuchagulia. Ningekwambia chukua ile, kesho marejesho yangekushinda ukanikumbuka kwa ubaya. Ningekwambia baki na hii, ungekodi gari za watu mpaka uzee ukinilaani. Lakini kuna mtu mmoja katika barua yako ambaye kila mtu amesema mbele yake na hakuna aliyemuuliza. Mdogo wako amesema, dada yako amesema, mkeo amesema. Bi mkubwa "hasemi neno". Sasa nani alimpa nafasi? Yeye kama ni mrithi ana thumni yake humo, na kama si thumni ana miaka zaidi ya 40 ya kusikia ile tiki-tiki-tiki. Wewe umeshaamua kwamba kuifuta kwake vumbi maana yake haitaki iuzwe. Inawezekana. Inawezekana pia anaifuta kwa sababu anakuona wewe huifuti.

Muulize akiwa peke yake. Kama atakubali, mpakie kiti cha mbele umpeleke mahali anapopapenda, mkirudi atakuwa amekwambia. Ila kabla hujatoka bandani, tazama mafuta ya breki. Kifuniko chake hakiko kwenye injini. Kiko chini ya zulia, upande wa dereva, karibu na miguu yako. Mafundi wengi wa siku hizi hawakijui.